Vidonge vitatu nilivyovikuta kwenye pochi ya mke wangu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua mnapenda barua fupi na hii haitakuwa fupi, mtanivumilia. Mimi ni mwanaume, sio daktari wala nesi, nalisema mapema kabisa maana kuna watu wakiona mwanaume anaongelea mambo ya mimba wanauliza we inakuhusu nini. Inanihusu, tena kwa ubaya, ngoja nieleze.

Mimba yetu ya kwanza, siku moja natafuta funguo sizioni, nikatia mkono kwenye pochi ya mke wangu nikakutana na kikaratasi kimekunjwa kunjwa, kufungua ndani nikakuta vidonge vitatu vyeupe, kimoja kishaanza kumeguka ukingoni kwa kukaa humo na sarafu na vibanio vya nywele. Nikamuuliza hivi vya nini? Akasema vya kliniki. Vya kliniki vya nini? Akasema, "Sijui vizuri, nesi alisema vya malaria, nikameze nyumbani." Nikamuuliza kwani una malaria? Akasema hapana, walimtoboa kidole wakapima, hana. Basi mimi na ujuaji wangu nikamwambia sasa kama huna malaria unameza dawa ya malaria ya nini, unataka kumlewesha mtoto huko ndani?

Hilo neno nililisema mimi, na ndo lilimaliza mjadala. Kikaratasi kikarudi kwenye pochi na mpaka leo sijui kiliishia wapi.

Mtoto alizaliwa ana kilo 2.1, na mimba ilikuwa imetimia miezi yake. Chini ya kilo 2.5 wataalamu wanaita uzito pungufu. Sasa naomba nisieleweke vibaya, sisemi ni kwa sababu ya vile vidonge, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo kwa sababu kibao na hakuna mtu aliyelipima kondo la nyuma akatuambia lilikuwa na nini. Mtoto mwenyewe sasa hivi anakimbia na kuvunja vyombo, tunamshukuru Mungu. Ila kuna swali lilibaki kichwani kwangu na halikutoka, nalo ni hili: kwa nini watu wawili wazima, wote tunajua kusoma, tulikuwa na dawa mkononi na hatukujua ni ya nini?

Jibu nilikuja kulipata mimba ya pili, kituo kingine, kwa mkunga mmoja mtu mzima ambaye simtaji jina maana sijamuomba ruhusa. Siku hiyo nilikuwa nimeenda na mke wangu, nimekaa kwenye benchi, mkunga akaniita na mimi, "Baba, njoo usikie, maana ndo nyie mnaokuja kuwakataza nyumbani." Nilitamani ardhi ipasuke, utadhani alikuwepo siku ile ya pochi.

Alivyotueleza ni hivi, nitajaribu kuandika kama alivyosema. Mtu aliyekulia sehemu yenye malaria mwili wake unakuwa umeshapigana nayo mara nyingi, umezoea kidogo, ndo maana mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu na asilale kitandani. Lakini mimba ikiingia mwanamke anaota kiungo kipya ambacho hakuwahi kuwa nacho, yaani kondo la nyuma. Vijidudu vya malaria vinakipenda hicho kiungo, chembe za damu zenye vimelea zinakwenda kunasa humo kwenye kondo zinatulia, na mwili haujawahi kuwakuta wadudu wa staili hiyo kwa hiyo haujui namna ya kuwatoa. Mimba ya kwanza ndo mbaya zaidi kwa sababu hiyo, mimba zinazofuata mwili unakuwa umejifunza kidogo lakini hatari haiishi. Na kwa kuwa wamejificha kule, damu ya kidole inaweza isionyeshe kitu. Hana homa, hatetemeki, anafanya kazi zake kama kawaida, kipimo kinasema hana, na huku kwenye kondo pamejaa. Kondo ndo mlango wa chakula na hewa ya mtoto, mlango ukizibwa mtoto hakui vizuri, anazaliwa na uzito mdogo au anazaliwa njiti, wengine mimba inaharibika au mtoto anazaliwa amefariki, na mama mwenyewe damu inapungua, na mama mwenye damu kidogo akipoteza damu siku ya kujifungua hana akiba.

Kwa hiyo lile swali langu la ujuaji, kama hana malaria anameza ya nini, jibu lake ndo hilo. Anameza kwa sababu haiwezekani kujua kwa uhakika kama anayo au hana, na kwa sababu ile dawa inasafisha waliopo na inakaa kwenye damu wiki kadhaa ikizuia wengine wasipate nafasi. Dawa yenyewe inaitwa SP (sulfadoxine-pyrimethamine), vidonge ni vitatu, vinamezwa vyote kwa pamoja, basi. Kikipita kipindi kisichopungua mwezi anarudia. Mkunga alitumia kama dakika tano kwa maelezo yote hayo. Dakika tano, Mhariri! Mimi zilikuwa zimenikosa mimba nzima.

Nikaanza kuulizia sasa. Dada zangu, mashemeji, wanawake wa ofisini, kila niliyeona ana mtoto mdogo namuuliza, nadhani wengine waliniona nimechanganyikiwa. Nauliza, ulimeza SP ukiwa mjamzito? Wengi wanajibu SP ndo nini. Nikisema vile vidonge vitatu vya mara moja, aaah, vile! Halafu hapo ndo unasikia mambo. Mmoja alikuwa anajua ni vya kuongeza damu. Mmoja alimeza kimoja asubuhi, kimoja kesho yake, kimoja keshokutwa, maana alifikiri dawa zote huwa ndo hivyo, na kwa dawa hii ukiigawa hivyo hujapata dozi. Shemeji yangu mmoja alimeza vizuri mbele ya nesi mara mbili, ya tatu akaambiwa zimeisha njoo wiki ijayo, na wiki ijayo hakwenda, nani anarudi kupanga foleni toka asubuhi kwa kitu asichojua faida yake? Mwingine alisema kweli kabisa bila kuficha, "Nilivitupa, vilikuwa vinanitia kichefuchefu hata kuviangalia."

Katika wote niliowauliza hakuna hata mmoja aliyesema nilikataa. Hilo ndo nililotaka kulileta kwenye gazeti lenu, maana kila nikisoma habari hizi nakuta wanawake wanalaumiwa, wajawazito hawataki dawa, wajawazito wana imani potofu, elimu itolewe kwa jamii. Wanawake niliowasikia mimi walikuwa tayari kumeza chochote ili mtoto awe salama. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia hivi ni nini na nikivimeza kinatokea nini na nisipovimeza je. Kumezeshwa sio kuelezwa, mtu anaweza kumezeshwa mara tatu na asijue alichomeza, na huyo huyo mimba inayofuata akipewa akameze nyumbani hamezi.

Sasa kidogo kuhusu takwimu, maana nimesoma soma baada ya hapo. Ripoti ya malaria ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema mwaka 2022 kwenye nchi za Afrika zenye maambukizi ya kati na ya juu, wajawazito kama milioni 12.7 walipata malaria, yaani zaidi ya theluthi ya mimba zote. Na waliopata dozi tatu au zaidi za hii dawa ilikuwa kama asilimia 42 tu. Na hii sio dawa mpya, Malawi ilianza kuitumia kwa wajawazito mwaka 1993, ilikuwa nchi ya kwanza. Karibu miaka thelathini baadae tulikuwa asilimia 42, na sehemu kubwa ya hao waliokosa walifika kliniki angalau mara moja, walikuwa pale pale kwenye benchi. Mtu aliyefika mpaka mlangoni akaondoka bila dozi huwezi kusema amekataa.

Zamani maelekezo yalikuwa dozi mbili tu mimba nzima. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani wakabadilisha, wakasema apewe kila hudhurio la kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikiisha mpaka karibu na kujifungua, ilimradi kati ya dozi na dozi upite mwezi, na lengo ni angalau tatu. Angalau, sio mwisho. Kuna watu, hata wahudumu wengine, wanadhani ukishafika tatu umemaliza. Ukianza mwezi wa nne ukawa unapata kila mwezi unaweza kufika tano au sita na hakuna ubaya. Na hapa ndo kuna shida ya kuanza kliniki mkiwa mmechelewa. Mwanamke anaenda mara ya kwanza mimba ina miezi sita, wengine saba, kwa sababu anasubiri ionekane, au mwenzie hajampa ruhusa, au alikuwa hajajua ni mjamzito, sasa hizo dozi tatu utazipachika wapi? Ukianza mwezi wa saba ukipata mbili umshukuru Mungu.

Miezi mitatu ya kwanza kwenyewe dawa hii haitolewi, hilo watu walijue maana kuna wenye haraka wanaenda kujinunulia. Inaingiliana na vitamini ya foliki asidi mwilini, na kipindi hicho ndo mtoto anaumbwa uti wa mgongo na ubongo. Kipindi hicho kinga ni neti yenye dawa kila usiku, na ukisikia homa unakimbia kupimwa sio kusubiri.

Nirudi kwenye yale mambo yanayowatisha watu, maana mengine sio ujinga kama tunavyodhani. Kuna wazee ukiwaambia SP wanakumbuka mbali. Hii ndo ilikuwa dawa ya kutibu malaria miaka ya nyuma, baadae wadudu wakaizoea ikaacha kutibu vizuri, ikaondolewa ikaja dawa mseto. Watu wanakumbuka pia habari za wachache waliobabuka ngozi. Sasa mama mkwe akisikia binti yake amepewa SP anasema hiyo dawa si waliiondoa, mnapewa mabaki? Na anasema kwa upendo kabisa. Halafu ukienda kumuuliza mhudumu aliyechoka ana watu themanini kwenye foleni anakujibu, "We meza tu." Hapo nani kashinda? Mama mkwe kashinda.

Jibu lenyewe lipo na sio gumu. Kumtibu mtu aliyeshaugua, mwenye wadudu wengi kwenye damu, ni kazi moja, na kumkinga mtu ambaye hana au ana wachache ni kazi nyingine. Dawa inaweza kushindwa ile ya kwanza na ikaendelea kusaidia hii ya pili. Hata sehemu ambazo wadudu wamezoea hii dawa imeonekana bado watoto wa waliomeza wanazaliwa na uzito mzuri zaidi kuliko wa wasiomeza, na ndo maana Shirika la Afya Duniani wanasema iendelee kutolewa. Yule mama mkwe akiambiwa hivyo ataelewa, wala hahitaji digrii. Na kubabuka ngozi kupo lakini ni nadra sana, kinachotokea sana ni kichefuchefu, kizunguzungu, pengine kutapika, hasa dozi ya kwanza, na kinapita. Anayejua ana aleji na dawa za salfa aseme kabla hajapewa, hiyo sio ya kumeza.

Kuna lingine ambalo mimi nililisikia nikashangaa. Kwamba lazima uwe umeshiba ndo umeze. Wanawake wanafika kliniki asubuhi hawajala, wanaambiwa au wanajiambia wenyewe basi nitaenda kumezea nyumbani nikishakula. Mkunga wetu alisema dawa hii inamezwa umekula hujala, haina shida. Kwa hiyo ile safari yote ya pochi ya mke wangu ilianzia hapo, nilivyokuja kumuuliza baadae akasema ndo ilikuwa hivyo, alisema hajala, nesi akasema haya kamezee nyumbani, na kwanza hapakuwa na maji ya kunywa wala kikombe. Jamani, kikombe! Maelekezo yenyewe yanataka mama ameze palepale mhudumu akiona, na kinachokwamisha ni kikombe cha maji. Nimeona baadae kwamba hata kwenye kadi yake wakati ule palikuwa pameandikwa tarehe pale kwenye SP ya kwanza, kana kwamba amemeza. Mahesabu ya kituo yanaonyesha mama amekingwa na vidonge viko kwenye pochi na vibanio. Huwa najiuliza kwenye zile asilimia 42 vidonge vya mke wangu na vya wenzake vipo humo ndani au vipi, ila hayo tuyaache.

Kuna makundi mawili ambayo inabidi waangalie vizuri na hapa ndo kuelezwa kunakuwa sio anasa. Wenye VVU ambao wanatumia Septrin kila siku hawatakiwi kupewa SP juu yake, zote zina salfa na madhara yanaongezeka, na ile Septrin yenyewe inawakinga na malaria. Sasa mwanamke ambaye hajaelezwa, akiona wenzie wote kwenye foleni wanapewa vidonge vitatu na yeye anarukwa, atafikiri ananyimwa, au mbaya zaidi wenzie watajua kwa nini amerukwa. Naomba wahudumu waliangalie hilo kwa ustaarabu, kuna namna ya kuita mtu chemba. Kundi la pili ni wanaomeza foliki asidi ya dozi kubwa, ile ya miligramu 5. Ile inaipunguza nguvu SP. Ile ndogo ya miligramu 0.4 haina tatizo, waendelee nayo. Ukikutwa na ile kubwa muulize anayekupa, usiache mwenyewe ukiwa nyumbani.

Na sisi wanaume. Mimi nimeshakiri ya kwangu. Sisi hatuendi kliniki, tukienda tunakaa nje kwenye simu, halafu jioni tunataka kuwa madaktari. Mwanamke anarudi amechoka na foleni, anakuta mwanaume anamhoji kila kidonge kama polisi, na hajapewa maelezo ya kujibu, unategemea nini? Atakunja kikaratasi. Ule mtindo wa yule mkunga wa kumwita mume aliyepo nje aje asikie mimi naona ungesaidia kuliko mabango kumi. Ila nao usigeuke kuwa masharti, nimesikia kuna sehemu mwanamke asipokuja na mwenzie hahudumiwi haraka, hiyo inawafanya wale wasio na wenza au walioachwa na mimba zao wasije kabisa, na hao ndo wanaohitaji zaidi.

Wengine watasema tatizo ni wahudumu hawatoshi, dakika tano kwa watu themanini ni zaidi ya saa sita. Ni kweli kabisa na sibishi. Lakini sio lazima kila mmoja aelezwe peke yake, watu wanakaa kwenye benchi masaa matatu wanaangaliana, si waelezwe pale pale kwa pamoja kabla hawajaanza kuitwa? Mara nyingi wanafundishwa pale kwenye benchi mambo ya kunyonyesha na ya dalili za hatari, hiki kidonge kinapitwa kwa sentensi moja, "na mtapewa dawa ya malaria". Hiyo sentensi ndo iliyotuponza, maana dawa ya malaria kwa mtu wa kawaida ni dawa ya mgonjwa wa malaria. Wangesema ni dawa ya kumkinga mtoto, au dawa ya kulinda kondo, mimi siku ile ya pochi nisingefungua mdomo.

Na kuna nchi zimeshajaribu njia nyingine. Kongo ya Kinshasa, Madagaska, Msumbiji na Nigeria kulikuwa na mradi wa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii kuwapelekea wajawazito hivi vidonge huko huko wanakoishi, na wanaofikisha dozi tatu wakaongezeka, na watu walikuwa na wasiwasi kwamba wanawake wataacha kwenda kliniki lakini haikuwa hivyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasema njia hiyo inakubalika. Mimi naona imefanya kazi sio kwa sababu tu ya umbali. Yule mhudumu wa jamii ni mtu unayemjua, anaongea lugha yako, anakaa, unamuuliza swali la kijinga bila kumuonea haya, na kesho ukikutana nae njiani anakuuliza vipi, ulitapika? Ukijua kuna mtu atakuuliza hivyo huwezi kuvikunja kwenye karatasi.

Mimba hii ya pili mke wangu alimeza mara tano. Ya kwanza alitapika baada ya kama dakika kumi, mkunga akampa nyingine palepale akamwambia kaa hapa kidogo tuone, ikakaa. Kumbe kutapika mapema hivyo dozi inarudiwa, na aliyemezea nyumbani akatapika nani atamrudishia? Zilizofuata hakusikia kitu. Mtoto kilo 3.2. Tena narudia, sitaki mtu aseme nimesema vidonge vimeleta kilo moja na zaidi, mimba ya pili mtoto huwa anakuja mkubwa kidogo hata bila hivyo, na safari hii neti pia tulilala ndani yake kila siku, ya kwanza tulikuwa tunaitundika tu. Ninachosema ni kwamba safari hii sikuwa na swali la kulala nalo.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo na ni la picha. Kila mkiandika habari ya malaria na wajawazito picha ni ile ile, kiongozi anamkabidhi mama mjamzito neti, wote wanaangalia kamera, neti ipo kwenye mfuko wake wa plastiki. Neti ni muhimu, sijakataa, lakini mtu akiangalia magazeti mwaka mzima atafikiri kinga ya mjamzito ni neti peke yake. Siku moja wekeni mama ana vidonge vitatu kiganjani, vyote vitatu vionekane wazi watu wavijue sura, na mkono mwingine kikombe cha maji. Kikombe kama kituo hakina, mpiga picha aende nacho.

Msomaji wenu,
Baba wa wawili